Kuondoa Programu Usizozitaka Kwenye Kompyuta ya Nyumbani Bila Kupoteza Kazi Zako

Likizo inapofika na mafrateri wakarudi nyumbani, wengi hukuta kazi ambayo haimo katika mtaala wa falsafa wala wa teolojia. Jirani, mwenyekiti wa jumuiya au mwalimu wa kwaya hufika na kompyuta mpakato mkononi: "Frateri, mashine imekuwa nzito, kila nikifungua intaneti matangazo yanajaa. Naomba unifutie hivyo vitu." Hakuna anayeuliza kama frateri amesomea kompyuta. Yuko masomoni, basi inatosha. Makala hii tumeiandika kwa ajili ya frateri huyo, na pia kwa ajili ya mwanaparokia mwenyewe, ambaye kwa sehemu kubwa anaweza kuifanya kazi hii bila kumsubiri mtu wa likizo.

Tuseme mapema tunachokiamini kutokana na mashine zilizopita mikononi mwetu: mara nyingi hasara kubwa hailetwi na programu isiyotakiwa, bali na haraka ya kuiondoa. Programu ya matangazo inaudhi, inapunguza kasi, inakula bando. Lakini anayefuta folda asiyoijua, au anayemwachia fundi "apige Windows mpya" kabla nyaraka hazijatolewa, ndiye anayepoteza orodha ya wakatekumeni ya miaka mitatu, rasimu ya tasnifu, au picha za marehemu baba ambazo hazipo mahali pengine popote. Programu hurudishwa kwa saa moja. Picha hizo hazirudi.

Tutazungumzia kompyuta zinazotumia Windows, kwa kuwa ndizo tunazozikuta zaidi majumbani na katika ofisi za parokia. Maneno ya kwenye skrini tunayaacha kwa Kiingereza, kama msomaji atakavyoyaona, kwa sababu mashine nyingi hazijawekewa Kiswahili.

Nyaraka kwanza

Kabla ya kugusa chochote, chomeka diski ya nje au flashi yenye nafasi ya kutosha, unakili nyaraka. Usiishie kwenye folda ya "Documents". Wengi wetu huweka kila kitu kwenye "Desktop", na vingine vimelala "Downloads" tangu siku vilipopokelewa kwa barua pepe au WhatsApp. Pitia pia "Pictures" na "Videos". Kama kompyuta ina watumiaji zaidi ya mmoja, baba ana akaunti yake na watoto wana yao, ingia katika kila akaunti, kwa maana nyaraka za mmoja hazionekani kwenye folda za mwenzake.

Nakili nyaraka tu: maandishi, picha, sauti, video, majedwali ya hesabu. Usinakili faili za kusakinishia programu, zile ambazo jina lake huishia na .exe, kwa sababu huenda mojawapo ndiyo iliyoleta tatizo, nawe utalihamisha na kulirudisha baadaye kwa mkono wako. Windows kwa kawaida huficha mwisho huo wa jina. Ufungue folda yoyote, uingie "View" na uwashe "File name extensions". Hapo ndipo utakapogundua kwamba kile kilichoonekana kama barua ya PDF kumbe kinaitwa barua.pdf.exe.

Ukimaliza kunakili, fungua faili mbili tatu moja kwa moja kutoka kwenye diski hiyo, uhakikishe zinasomeka. Kisha ichomoe na uiweke mbali mpaka kazi iishe. Nakala iliyobaki imechomekwa muda wote haina usalama, kwani kinachoharibu kompyuta kinaweza kuiharibu na yenyewe.

Kuna kinga ya pili inayochukua dakika tano. Andika "Create a restore point" kwenye kisanduku cha kutafutia, fungua, na kama ulinzi wa diski C umezimwa (mara nyingi tunaukuta umezimwa), uwashe kwa "Configure", kisha bonyeza "Create". Hapo Windows inajiwekea kumbukumbu ya hali yake ya wakati huo. Ukiondoa programu na mashine ikagoma, unaweza kuirudisha ilivyokuwa. Ila watu hudhani kumbukumbu hiyo inatunza pia nyaraka zao. Haitunzi. Inarudisha mfumo, draiva na programu. Barua uliyoifuta haiihusu.

Ipi haitakiwi?

Mwenye mashine akikuambia "ondoa zote nisizozijua", usikubali. Zile asizozijua ndizo mara nyingi zinazoendesha mashine.

Fungua "Settings", kisha "Apps", kisha "Installed apps" kwenye Windows 11 au "Apps & features" kwenye Windows 10. Utaona orodha ndefu iliyopangwa kwa herufi. Ipange upya kwa tarehe ya kusakinishwa, halafu muulize mwenyewe swali ambalo daktari humwuliza mgonjwa: ilianza lini? Akijibu kwamba ni baada ya Pasaka, mtoto alipopakua mchezo, nenda moja kwa moja kwenye tarehe hizo. Si ajabu kukuta programu tatu au nne zimeingia siku moja. Moja ilialikwa, nyingine zilipanda kwenye gari lilelile.

Hivyo ndivyo programu nyingi za bure zinavyojilipa. Mtengenezaji anapewa fedha ili kisakinishi chake kibebe na mizigo ya wengine, na mtumiaji anayebonyeza "Next, Next, Finish" bila kusoma amekubali yote. Usidhani ni tabia ya kampuni ndogo za vichochoroni tu. Kwa miaka kadhaa kisakinishi cha Java, programu ya Oracle iliyomo katika kompyuta nyingi sana duniani, kilikuja na upau wa utafutaji wa Ask, na kisanduku cha kuukubali kikiwa tayari kimetiwa alama ya vema. Asiyeitoa alama hiyo aliamka na ukurasa mwingine wa kutafutia.

Sasa zile za kuacha. Katika orodha utakuta "Microsoft Visual C++ Redistributable" mara saba, mara kumi, kila moja na mwaka wake: 2008, 2010, 2012, 2013 na kuendelea. Zinaonekana kama marudio yasiyo na maana, na wapenda usafi huzifuta. Ziache. Kila moja inatumiwa na programu zilizotengenezwa kwa toleo hilo, na ukiiondoa, programu ya mahasibu au ya kuandika nota za muziki inaweza kukataa kufunguka bila kueleza sababu. Ziache pia zenye majina ya Intel, AMD, Realtek na Synaptics. Hizo huendesha picha, sauti, mtandao usio na waya na kile kibao cha kuelekezea mshale. Ukiondoa ya Realtek, mwalimu wa kwaya atakurudia jioni akisema mashine imekuwa bubu.

Jina lisilojulikana lichunguze kabla ya kulihukumu. Angalia mchapishaji wake, kisha litafute jina hilo kwa simu. Hapa kuna mtego: ukitafuta namna ya kuondoa programu fulani, kurasa nyingi zinazotangulia huandikwa na wauzaji wa "programu ya kuondolea programu". Zinatisha, zinaeleza hatua chache, halafu zinakupa kitufe cha kupakua. Usikibonyeze. Ulikuja kutoa mgeni mmoja, usiingize wa pili.

Swali jingine la kumwuliza mwenye mashine ni kama kuna mtu aliyempigia simu akamwelekeza kusakinisha kitu. AnyDesk na TeamViewer ni programu halali. Mafundi huzitumia kushughulikia kompyuta wakiwa mbali. Lakini matapeli nao huzitumia. Kama aliisakinisha kwa maelekezo ya mgeni wa kwenye simu, kata intaneti kwanza, iondoe, kisha abadilishe manenosiri yake akitumia simu au kompyuta nyingine, na aitaarifu benki yake siku hiyohiyo.

Kufuta si kuondoa

Hili ndilo kosa tunalolikuta mara nyingi kuliko yote. Mtu anaburuta alama ya programu kutoka kwenye uso wa kompyuta hadi kwenye pipa la taka, anaona imetoweka, anaridhika. Alichofuta ni njia ya mkato tu, sawa na kubandua kibao cha jina mlangoni wakati mpangaji bado yumo ndani.

Mwingine, mjuaji zaidi, anaingia "Program Files" na kufuta folda nzima. Huyu anaharibu zaidi. Programu inaposakinishwa haikai katika folda moja. Inaandika taarifa zake katika daftari la ndani la Windows, inajiweka miongoni mwa zinazowaka pamoja na mashine, na wakati mwingine inapanga kazi za kujiamsha zenyewe kila siku au kila saa. Pamoja na hayo yote huacha chombo kidogo cha kuiondoa, ambacho kinajua vitu hivyo viliwekwa wapi. Ukifuta folda, umefuta na chombo hicho. Mabaki yanabaki yametawanyika, kila asubuhi mashine inatoa ujumbe kwamba faili fulani haikupatikana, na programu bado inaonekana kwenye orodha lakini haiondoleki.

Njia sahihi ni ileile orodha ya "Apps". Chagua programu, bonyeza "Uninstall", kisha soma. Tunasema soma kwa sababu programu za aina hii hazipendi kuondoka. Zitauliza kama una hakika, zitakupa punguzo la bei, zitaweka kitufe kikubwa chenye rangi kinachosema "Keep" na maandishi madogo ya kijivu yanayosema uendelee. Nyingine huuliza kinyumenyume ili ukibonyeza "Yes" uwe umekubali ibaki. Ondoa moja, washa mashine upya, angalia kama kila kitu kinafanya kazi, ndipo uende kwenye ya pili. Ukiondoa kumi kwa mkupuo na sauti ikakatika, hutajua ni ipi iliyoikata.

Ikigoma kwa sababu "inatumika sasa", shikilia kitufe cha Shift huku ukibonyeza "Restart", pitia "Troubleshoot", "Advanced options" na "Startup Settings", uwashe mashine katika hali ya "Safe Mode". Hapo Windows huamka na vitu vichache vya lazima, nyingine zote zimelala. Ni rahisi zaidi kutoa kitu kilicholala.

Antivirusi za majaribio zinahitaji neno lake. Kompyuta mpya nyingi huja na McAfee au Norton ya siku chache, na muda ukiisha hubaki ikidai malipo. Wengi huongeza antivirusi nyingine juu yake, na hapo mashine inakuwa na walinzi wawili wanaokabana wao kwa wao mlangoni. Programu hizi hujikita ndani sana, hivyo watengenezaji wenyewe hutoa chombo maalumu cha kuziondoa, kinachopatikana bure kwenye tovuti zao. Ondoa kwa njia ya kawaida kwanza, ukiona mabaki tumia chombo hicho. Ikishatoka, Microsoft Defender iliyomo ndani ya Windows huchukua zamu yenyewe. Kwa kompyuta ya familia tunaiona inatosha.

Kwamba kuondoa kitu kilichojikita ndani ni hatari, kuna kisa cha mwaka 2005 ambacho tunapenda kukisimulia. Mark Russinovich, mtaalamu wa Windows, aligundua kwamba CD ya muziki ya Sony BMG ilikuwa imesakinisha kompyutani mwake programu iliyojificha, ya kuzuia kunakili nyimbo. Alipoifuta kwa mkono, kiendeshi chake cha CD kikatoweka, Windows haikukiona tena, kwa kuwa programu ile ilikuwa imejipachika katikati ya mfumo na kiendeshi. Yeye alijua namna ya kukirudisha. Baadaye kampuni ikatoa njia rasmi ya kuiondoa, na watafiti wa Chuo Kikuu cha Princeton wakaonyesha kwamba njia hiyo nayo iliacha mwanya ambao tovuti yoyote mbaya ingeweza kuutumia kuingia katika kompyuta.

Na kuna kile cha Superfish, programu ya matangazo iliyokuja tayari imewekwa katika baadhi ya kompyuta mpakato za Lenovo, ikafichuliwa Februari 2015. Ili iweze kupachika matangazo hata kwenye tovuti zinazolindwa, iliweka cheti chake cha usalama ndani ya Windows, na ufunguo wa siri wa cheti hicho ulikuwa uleule katika mashine zote. Mtu aliyeupata ufunguo huo angeweza kujifanya tovuti ya benki, na kompyuta ingemwamini. Waliobonyeza "Uninstall" walidhani wamemaliza. Programu iliondoka kweli, cheti kikabaki. Ilibidi Lenovo watoe chombo maalumu, na Microsoft nao wakaifundisha Defender kufuta vyote viwili. Mwaka 2017 Lenovo ilifikia makubaliano na Tume ya Shirikisho ya Biashara ya Marekani pamoja na majimbo 32, ikalipa majimbo hayo dola milioni 3.5.

Kwa hiyo baada ya kuondoa, kagua kilichobaki. Fungua "Windows Security", "Virus & threat protection", "Scan options", uanze na "Full scan". Kama unashuku kuna kitu kinachojificha, chagua ukaguzi wa "offline". Mashine itajizima na kuwaka, itajikagua kabla Windows haijaamka, kwa takriban dakika 15. Usiichomoe umeme. Ukiwa palepale, ingia "Manage settings" na ushuke hadi "Exclusions". Humo huandikwa folda ambazo Defender imeambiwa isizikague. Katika kompyuta ya nyumbani orodha hiyo inapaswa kuwa tupu. Ukikuta kitu humo na hakuna aliyekiweka, umempata mgeni wako alipojificha.

Jambo moja hushtua watu: programu ya matangazo imetoka, na intaneti nayo imekufa. Mara nyingi programu hiyo ilikuwa imeilazimisha mashine kupitisha mawasiliano yote kwake, na sasa haipo wa kuyapokea. Nenda "Settings", "Network & internet", "Proxy", uzime "Use a proxy server". Intaneti hurudi hapohapo.

Virusi ambavyo si virusi

Mama mmoja wa jumuiya alituletea kompyuta iliyokuwa ikitoa kila dakika, kwenye kona ya chini kulia, onyo jekundu kwamba ina virusi vitano na picha zake zitafutwa. Alikuwa amekwisha kulipa fedha kwa mtu wa mjini "kuvitoa", na vilirudi jioni ileile.

Havikuwamo. Zilikuwa arifa za tovuti. Siku fulani alipokuwa akitafuta nyimbo za kupakua, ukurasa ulimwambia abonyeze "Allow" kuthibitisha kwamba yeye si roboti. Alichoruhusu ni tovuti hiyo kumtumia matangazo hata baada ya kuifunga. Katika Chrome tulifungua "Settings", "Privacy and security", "Site settings", "Notifications", tukakuta tovuti za ajabu ajabu zimeruhusiwa, tukaziondoa. Ilichukua dakika mbili. Tukamwuliza kama anataka tufute na kingine. "Hapana, baba, acheni kama kilivyo, nisije nikapoteza picha za harusi ya binti yangu." Mama huyu angefaa kuwa fundi.

Ukiwa kwenye kivinjari, pitia pia "Extensions". Kila kiendelezi ambacho hakuna anayekumbuka kukiweka kitoe. Ukikuta kivinjari kinasema kinasimamiwa na taasisi, "Managed by your organization", na kompyuta si ya ofisi wala ya shule, kuna programu iliyojipa mamlaka hayo. Rudi kwenye orodha ya "Apps" uitafute.

Flashi iliyogeuza nyaraka kuwa njia za mkato

Hili linawahusu sana wanaochapisha kazi zao steshenari. Unachomeka flashi nyumbani, na badala ya folda zako unaona njia za mkato tupu, au moja tu yenye jina la flashi. Watu hulia, kisha hufomati flashi. Usifomati. Nyaraka bado zimo, zimefichwa tu. Kirusi kimezificha na kuweka njia za mkato zinazofanana nazo, na kila unapobofya mojawapo unakiamsha kiingie kwenye kompyuta.

Anza na kompyuta, si flashi. Ukisafisha flashi na kuichomeka kwenye mashine iliyoambukizwa, itachafuka tena papo hapo. Defender ikishamaliza kukagua mashine, iache ikague flashi, bila wewe kubofya chochote ndani yake. Kisha andika "cmd" kwenye kisanduku cha kutafutia, fungua "Command Prompt", na kama flashi yako ni E, andika:

attrib -h -r -s /s /d E:\*.*

Bonyeza Enter, subiri. Folda zitajitokeza, wakati mwingine ndani ya folda isiyo na jina. Nakili nyaraka zako mahali salama, ndipo sasa uifomati flashi kwa amani.

Wasafishaji

Programu zinazoahidi kuharakisha mashine na kusafisha daftari la ndani la Windows hatuzipendekezi. Microsoft wenyewe wanasema hawaungi mkono wasafishaji wa daftari hilo. Taarifa chache zilizobaki humo hazipunguzi kasi inayoonekana kwa jicho, bali moja iliyofutwa kimakosa inaweza kuzuia mashine isiwake.

Idadi kubwa ya "makosa" wanayokuonyesha nayo isikutishe. Mwaka 2019 kampuni ya maduka ya Office Depot ya Marekani ilikubali kulipa dola milioni 25, na mshirika wake Support.com milioni 10, kwa sababu ya programu ya ukaguzi iliyotumika madukani. Mteja aliulizwa maswali manne, kama vile iwapo mashine yake imekuwa na kasi ndogo. Akijibu ndiyo hata kwa moja, programu ilitoa jibu kwamba kuna dalili za programu hasidi, bila kujali ukaguzi umekuta nini. Hata wasafishaji wenye jina wanaweza kuchafuliwa: kati ya Agosti na Septemba 2017, toleo la CCleaner lililopakuliwa kutoka kwa wenyewe lilikuwa limepachikwa mlango wa siri na wavamizi, na kompyuta zipatazo milioni 2.27 zikalipokea.

Chanzo kingine tunakijua wote. Fundi wa mtaani anaweka Office "iliyovunjwa", na kabla ya kuiweka anazima antivirusi kwa sababu "inasumbua". Suala la haki tunawaachia wanaosoma maadili. Kiusalama, mtu amemwamini asiyemjua na kumwondoa mlinzi kwa wakati mmoja. Ukiikuta, mweleze mwenyewe kwamba kuna LibreOffice, ni bure na halali, inafungua faili za Word na Excel. Usimwondolee Office yake usiku wa kuamkia siku ya kuwasilisha taarifa ya parokia. Kwanza sakinisha LibreOffice, ajaribu kufungua kazi zake, ndipo ile nyingine itoke.

Ikishindikana

Kuna mashine ambayo umeondoa, umekagua, umewasha katika "Safe Mode", na bado kitu kinarudi. Usiendelee kupigana nayo wiki nzima. "Settings", "System", "Recovery", "Reset this PC" kwenye Windows 11 itaisakinisha Windows upya. Chaguo la "Keep my files" linaacha nyaraka na kuondoa programu. "Remove everything" linaondoa vyote, na kwa mashine iliyoambukizwa kweli ndilo tunalolipendelea, mradi ile diski ya nje ipo na umeijaribu kwenye kompyuta nyingine. Kabla ya kubonyeza, andika kwenye karatasi programu ambazo mwenyewe anazihitaji na namba zake za leseni, na uhakikishe anakumbuka nenosiri la barua pepe yake. Tumeona watu wakirudishiwa kompyuta safi kabisa wasiyoweza kuingia.

Mashine ikishawaka upya, tengeneza akaunti mbili: ya mzazi iwe "Administrator", ya watoto iwe "Standard User". Mtoto akitaka kusakinisha mchezo, skrini itamdai nenosiri la mzazi, na mzazi atalazimika kuja kusoma kilichoandikwa kabla ya kuliandika.